Wimbo Huu Uliusikia Wapi Kwanza?

Ukitaka kuharibu jioni ya mashabiki wa gemu ya Kijapani ya Kingdom Hearts, waulize kuhusu wimbo wake, swali moja tu: "Hikari" au "Simple and Clean"? Kisha sogea pembeni. Sauti ni ya mtu mmoja, mwimbaji wa Kijapani Utada Hikaru. Gemu ni moja, mwaka ni mmoja, 2002. Tofauti ni kwamba wa kwanza umeimbwa Kijapani na wa pili Kiingereza. Wenye Kijapani watakuambia ule wa Kiingereza ni chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Wenye Kiingereza watajibu kwamba wenzao wanajitia ujuaji, maana nusu yao hawajui hata kuomba maji kwa Kijapani. Na lipo kundi la tatu, lenye kelele kuliko idadi yake, linaloshikilia kwamba nyimbo zote mbili zinasinzia na wimbo wenyewe hasa ni ile rimiksi ya haraka.

Mimi nililelewa katika kundi hilo la tatu, na sababu haikuwa masikio. Ilikuwa memori kadi.

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na PlayStation 2 mbili, TV mbili za chogo na benchi moja lililopinda katikati. Karibu wote waliokuja walikuja kucheza mpira. Diski ya Kingdom Hearts ilifika pale kwa njia zake, na binamu yangu akaipenda siku ya kwanza kwa sababu ya mtoto mwenye upanga wa umbo la ufunguo, na kwa sababu Donald na Goofy walikuwemo. Memori kadi, ile ya kuhifadhi pale ulipofikia, hapakuwa. Kwa hiyo kila alasiri alianza upya, na kila alipoanza upya filamu ya ufunguzi ilianza naye: Sora, yule mtoto mwenye upanga, anazama majini, anaibuka ufukweni, anaanguka tena kutoka mbinguni, na juu ya yote hayo midundo ya dansi inakimbia. Tukifika kisiwani, tukikimbizana mchangani kidogo, mwenye kibanda anagonga meza. Nusu saa imekwisha. Gemu ya makumi ya saa, sisi tulijua nusu saa ya kwanza tu, na tuliijua kama tunavyojua njia ya shuleni.

Ule wimbo wa ufunguzi ndio rimiksi inayoitwa PLANITb. Wimbo asilia, wa taratibu, umewekwa mwisho kabisa wa gemu, pale vidole vya rafiki yake Kairi vinapoteleza kutoka mkononi mwa Sora na kila mmoja anabaki upande wake wa dunia. Sisi hatukuwahi kufika huko. Nilipokuja kuusikia wimbo asilia miaka mingi baadaye nilidhani kifaa kina hitilafu.

Tangu hapo nasoma mabishano ya wasikilizaji wa nyimbo hizi kwa jicho moja limefumba. Mtu akikuambia wimbo wa gemu ni mzuri au mbaya, mara nyingi anakuonyesha kiti alichokuwa amekalia alipousikia mara ya kwanza. Si dharau kwa wasikilizaji. Wimbo wa gemu umetengenezwa uwe hivyo: una dakika zake ndani ya kazi nyingine, na nje ya dakika hizo ni kama nguo ya harusi iliyotundikwa dukani.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda Japani kwenyewe. Singo ya "Hikari" ilitoka tarehe 20 Machi 2002. Gemu ikatoka tarehe 28. Siku nane. Katika siku hizo nane wimbo ulikuwa tayari namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, na Utada hakuwa mtu wa kutambulishwa: albamu yake ya 1999, "First Love", imeuza zaidi ya nakala milioni 7 na hakuna albamu iliyouza kuliko hiyo nchini mwao. Kule kuna utaratibu wanaouita taiapu, ambapo wimbo mpya unaoanishwa na tamthilia, tangazo la kinywaji au gemu, na kila upande unafaidi jina la mwenzake. Msikilizaji wa Tokyo aliujua wimbo wa taratibu kwanza, kama wimbo wa Utada. Alipowasha gemu, ile rimiksi ilikuwa kwake pambo tu.

Kwingine duniani ilikuwa kinyume. "Simple and Clean" ilifika na gemu Marekani mnamo Septemba mwaka huohuo, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Utada. Albamu yake ya Kiingereza "Exodus" ilikuja 2004. Japani gemu iliazima jina la mwimbaji. Ughaibuni mwimbaji aliazima jina la gemu. Ukiwaweka watu hawa wawili meza moja wabishane kuhusu ubora wa wimbo, unategemea wakubaliane vipi?

Kuna jambo dogo ambalo Mjapani analo na sisi hatukuwa nalo. Video ya "Hikari", iliyoongozwa na Kazuaki Kiriya, ni Utada anaosha vyombo. Basi. Kamera imesimama, sinki lipo mbele yake, anasugua sahani, anasuuza, anaimba, anasugua nyingine, mpaka wimbo unaisha. Hakuna bahari, hakuna ufunguo, hakuna Mickey. Na herufi ya Kijapani inayoandika "hikari", yaani nuru, ndiyo ileile inayoandika jina lake la kuzaliwa. Kwa hiyo msikilizaji wa kule alikutana na wimbo unaobeba jina la mwimbaji, ukiimbwa jikoni juu ya povu. Huo ni wimbo wa nyumbani. Sisi tulikutana na wimbo wa kuanguka kutoka angani. Ajabu ni kwamba zote mbili ni kweli, na ndiyo maana nauheshimu.

Sasa kuhusu lugha, ambako ndiko kelele nyingi zilipo. Kwanza, "Simple and Clean" si tafsiri ya "Hikari". Utada, aliyezaliwa New York na kuzijua lugha zote mbili, aliandika maneno mengine kwa ajili ya hadithi nyingine, akabakiza mifupa ya wimbo. Wanaolalamika kwamba "tafsiri imepotosha" wanalalamikia kitu ambacho hakipo.

Pili, na hapa naomba nijipendelee, sikio la Mswahili lina faida fulani kwenye Kijapani. Silabi zao nyingi huishia na irabu kama zetu. Hi-ka-ri: ingekuwa jina la boti pale Pangani hakuna ambaye angeshangaa. Hata "nani" wanalo, ila kwao maana yake ni "nini". Mtoto wa Kiswahili anaweza kuiga kiitikio cha Kijapani bila kujua maana na akapata kila silabi mahali pake, noti moja kwa silabi moja, kama tunavyoimba sisi. Kiingereza kinabana konsonanti pamoja na kumlazimisha mwimbaji azimeze au azivute. Utada anazimudu vizuri, lakini kwenye "Simple and Clean" unasikia kazi ikifanyika. Kwenye "Hikari" husikii. Kwa hiyo ndiyo, ukinibana ukutani nitachagua Kijapani. Ila najua fika kwamba ninachagua kwa sababu hakinikatizi: sielewi neno, basi siwezi kukasirishwa na neno.

Wimbo wa gemu ya pili unalithibitisha hili vizuri zaidi. "Passion" ilitoka Desemba 2005, siku chache kabla ya Kingdom Hearts II, na toleo lake la Kiingereza ni "Sanctuary". Ndani yake kuna sauti zilizogeuzwa nyuma mbele. Ni maneno ya Kiingereza, yamerekodiwa, kisha yakachezwa kinyumenyume. Mashabiki wa Marekani walipoyageuza wakasikia sentensi nzima walipagawa, na mpaka leo kuna watu ambao sifa kubwa ya wimbo kwao ni hiyo siri. Lakini msikilizaji asiyejua Kijapani wala Kiingereza hakuona siri yoyote. Kwake maneno ya Kijapani na maneno yaliyogeuzwa yalikuwa lugha mbili ngeni, zote nzuri, hakuna iliyo ya ajabu kuliko nyenzake. Nilimchezea mama mdogo wimbo huo siku moja, akaniuliza kama ni Wachina. Alipofika penye kugeuzwa hakutikisika hata unyusi.

Sisi wenyewe tumewahi kukaa upande wa pili wa meza hii, upande wa wanaoelewa, japo gemu ile haikuwa ya Kijapani. Mwaka 2005 gemu ya Kimarekani Civilization IV ilitoka na wimbo wa menyu unaoitwa "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu kufika hapo. Maoni ya wasikilizaji wa dunia juu ya wimbo huu yanafanana kama matone ya maji: sijui wanasema nini, lakini nywele zimenisimama, nimeiona dunia nzima, nimeona alfajiri ya binadamu. Mtu wa Dodoma au Kisumu anasikia sala aliyoisema gwaride la asubuhi akiwa na njaa, jua likimchoma utosini. Halafu anafika kwenye "mbinguni yetu" na mwalimu wake wa Kiswahili anafufuka kichwani: mbinguni ni mahali, mahali hupewa kwetu. Unaweza kutetea kwamba "yetu" ile ni mwangwi wa Baba, si ya mbinguni, na mimi hutetea hivyo nikiwa kwenye hali nzuri. Lakini tayari nimekwisha kutoka ndani ya wimbo, nimesimama nje na kalamu nyekundu.

Hilo ndilo linalompata msikilizaji wa Kiingereza akisikia "Simple and Clean". Anaelewa. Anaanza kuuliza huyu anaondoka kwenda wapi, kwa nini anasema hivi, mstari huu umekaaje. Sisi tusioelewa tunaota. Tin mwenyewe, nadhani, aliujua mchezo huu: kwenye albamu yake ya 2009, "Calling All Dawns", yenye nyimbo 12 kwa lugha 12, wa kwanza ni "Baba Yetu" na wa pili, "Mado Kara Mieru", ni wa Kijapani. Sikiliza hizo mbili mfululizo. Kwenye wa kwanza wewe ni mwenye nyumba, kwenye wa pili wewe ni mgeni, na angalia ni wapi unafumba macho.

Narudi kwenye kiti cha msikilizaji. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "Eyes on Me" wa gemu ya Kijapani ya Final Fantasy VIII, mwaka 1999. Mwimbaji ni Faye Wong, Mchina wa Beijing aliyejipatia jina akiwa Hong Kong. Mtunzi wa muziki ni Nobuo Uematsu, Mjapani. Lugha ni Kiingereza, hata kwa wachezaji wa Japani. Karatasini huo ni mseto usio na kichwa wala miguu. Kwenye tuzo za muziki za Japani, Japan Gold Disc Award, uliibuka wimbo bora wa mwaka katika kundi la muziki wa nje, na ulikuwa wa kwanza kutoka kwenye gemu kufika hapo. Nje ya gemu ni wimbo wa mapenzi wa kawaida, wa kuchezwa ukumbini keki inapokatwa, na wasikilizaji wengi waliousikia redioni wamesema hivyo bila kukosea.

Lakini ndani ya gemu wimbo huo una mwandishi. Kuna Julia, mpiga piano wa hotelini, na kuna Laguna, mwanajeshi anayekuja kila usiku kumtazama na kushindwa kusema neno. Siku moja anapanda jukwaani kumsalimia na mguu unakufa ganzi. Mchezaji anausikia mdundo wa wimbo kwanza kama piano tupu, mapema kabisa, kabla haujapata maneno. Saa nyingi baadaye maneno yanakuja, na mchezaji anagundua kwamba Julia ndiye aliyeyaandika, na aliyaandika kwa ajili ya yule aliyekuwa akichechemea. Aliyefika hapo na aliyesikia redioni hawajasikia wimbo mmoja. Ukiwauliza maoni, mmoja atakupa nyota mbili na mwingine atanyamaza kwanza.

Na ukiwa huamini kwamba kiti kina nguvu hivyo, tazama lililotokea kwa Final Fantasy XIII. Toleo la Japani, Desemba 2009, lilikuwa na "Kimi ga Iru Kara" wa Sayuri Sugawara. Toleo la nje, Machi 2010, likaondoa wimbo huo na kuweka "My Hands" wa Leona Lewis, uliokuwa tayari kwenye albamu yake ya mwaka uliotangulia. Wimbo si mbaya. Mwimbaji anaimba kuwazidi wengi. Wengi walinung'unika hata hivyo, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu walihisi kile ambacho mwenyeji anahisi mgeni akiletwa na viatu vya mtu mwingine: havimtoshi na kila mtu anaona. Wimbo haukuandikwa ukiwajua wahusika hao. Kiti kilikuwa kitupu ndani yake.

Kesi ngumu zaidi ni Kingdom Hearts III, kwa sababu hapo kiti chenyewe kilichelewa. Februari 2018 trela ilionyeshwa Japani na watu wakasikia vipande vya wimbo mpya, "Chikai", maana yake kiapo. Juni 27 wimbo kamili ukatoka kwenye albamu "Hatsukoi". Gemu ilitoka Januari 25, 2019. Kwa miezi saba wimbo ulikuwa mtaani bila nyumba, na mashabiki waliokuwa wamesubiri gemu hiyo tangu 2005 wakaubeba mgongoni. Maoni ya miezi hiyo ni ya kuhurumia. Mzito. Hauna kiitikio cha kuruka. Mdundo haukamatiki, piano inaangukia pasipo pake, hujui uanze kupiga makofi wapi.

La piano ni kweli na ndilo linalonifurahisha. Mimi huuhesabu kwa sita, na kila ninapodhani nimelishika lile "moja", piano inanikwepa kwa nusu hatua. Jaribu kupiga makofi uone. Lakini mtu aliyekulia pwani, aliyeona kina mama wakizungusha viuno kwenye chakacha, hapotei sana kwenye sita. Anauachia mwili uhesabu. Nilikuwa na hakika tangu mwanzo kwamba huu ni wimbo bora kuliko ule wa 2002. Bado nina hakika. Ulipokuja kuwekwa mwishoni mwa gemu, kwa Kiingereza ukiitwa "Don't Think Twice", wengi waliokuwa wameuita mzito waligeuza kauli, nao wanaapa mpaka leo kwamba waliupenda tangu siku ya kwanza. Tuwaache hivyo.

Wimbo wa ufunguzi, "Face My Fears", ulitoka Januari 18, wiki moja kabla ya gemu. Huu Utada aliufanya na Skrillex, mtayarishaji wa muziki wa dansi wa Marekani, na ulianza kama wazo la kutengeneza rimiksi ya "Don't Think Twice" kabla haujawa wimbo mpya. Uliingia Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, kwenye nafasi ya 98, mara ya kwanza kwa Utada kuingia humo. Na hapa nadharia yangu ya viti inaniangusha, nami nakubali. Huu una kiti, tena cha mbele: unafungua gemu iliyosubiriwa miaka mingi. Una kila kitu kilichoipa ile rimiksi ya zamani nafasi mioyoni mwetu. Na bado nauona wa mikono miwili isiyoshikana. Piano na sauti vinaanza kukusimulia jambo, kisha biti inashuka, sauti inakatwakatwa kama mchicha, na simulizi halirudi tena. Nimeucheza na gemu, bila gemu, usiku, ndani ya basi. Hakuna kiti kilichouokoa. Kumbe kuna wakati wasikilizaji wa siku ya kwanza huwa wamesikia sawasawa.

Mwaka jana nilimtumia binamu yangu video ya "Hikari", ile ya kuosha vyombo. Ana watoto wawili sasa na pedi ya gemu anashika mara chache. Sikumwandikia maelezo yoyote, niliituma tu. Ilipita kama nusu saa, ujumbe ukaingia WhatsApp: "Nimeikumbuka hii! Ila mbona wamepunguza spidi?"